Maswali Yenu: Kutega Kitendawili kwa Sekunde 45

Barua zilizofika mezani mwezi huu zimeegemea upande mmoja. Muhula unaelekea ukingoni, wanafunzi wa utangazaji jijini Nairobi wanarekodi vipindi vyao vya mwisho wa mwaka, na wengi wanahangaikia ile video fupi ya kuwavuta watu waje kutazama kipindi, ambayo baadhi yao huiita trela na wengine kionjo. Nimeanza na barua ndefu kuliko zote, kwa kuwa ndani yake mna mengi ambayo wengine wameyauliza vipande vipande.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zetu. Sisi ni kundi la wanafunzi 14 wa mwaka wa tatu, na tunatayarisha kipindi cha studio cha nusu saa kuhusu maisha ya vyumba vya kupanga. Kina mchezo mfupi wa kuchekesha wa mwenye nyumba anayewasomea wapangaji masharti, mahojiano na wageni wawili, na wimbo mmoja wa bendi ya wanafunzi wenzetu. Kitaonyeshwa katika ukumbi wa chuo siku ya Alhamisi, wiki tatu kutoka sasa, kisha kiwekwe kwenye intaneti. Tuliandika mswada wa trela ya dakika mbili na nusu ambamo mtangazaji wetu anaeleza kila sehemu ya kipindi kwa utaratibu. Mhadhiri aliurudisha akiwa ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "Hii ni ratiba." Studio yenyewe ina kamera tatu, nasi tumepewa siku mbili tu. Tuanzie wapi?
Mtayarishaji wa wanafunzi, Ngara

JIBU: Mhadhiri wenu amesema kweli, ingawa kwa maneno matatu amewaachia kazi ya wiki nzima. Ratiba humweleza mtu yatakayotokea na yatakavyofuatana, na akishaisoma hana tena haja ya kuuliza. Trela inataka kinyume cha hayo: mtazamaji aondoke na swali moja ambalo litamsumbua mpaka Alhamisi. Chombo hiki tunacho tangu utotoni. Anayetega kitendawili hatoi maelezo marefu; husema machache, hunyamaza, na hadhira ikishindwa haipewi jibu bure, bali hudaiwa mji kwanza. Mji mnaoudai nyinyi ni mtu kuacha shughuli zake za jioni na kuja ukumbini. Ikiwa jibu limo ndani ya trela, atoe mji kwa ajili ya nini?

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuandika. Ni kukaa pamoja, nyote 14, na kukubaliana ni swali gani mnalitega. Mkianza kugawana sekunde kwa haki, mgeni wa kwanza apate kumi, wa pili kumi, bendi kumi, mtarudi kwenye ratiba ile ile hata kama mtaipunguza hadi dakika moja. Najua itawauma waliotafuta wageni kwa jasho lao, lakini trela haina wajibu wa kumtaja kila mtu. Wageni watatajwa kwenye bango na kwenye maelezo yanayoambatana na video.

Katika barua yenu nimeliona swali hilo likiwa limejificha katikati ya sentensi: mwenye nyumba anayesoma masharti. Kila mwanafunzi aliyewahi kupanga chumba Ngara, Kahawa au Madaraka anamjua mtu huyo, na anajua kwamba sharti baya kuliko yote halisomwi kwanza. Nimejaribu kuwaandikia rasimu, si kwa nia ya kuwatendea kazi yenu bali ili muone mswada wa trela unavyokaa kwenye karatasi. Studioni huandikwa kwa safu mbili, picha kushoto na sauti kulia. Hapa nafasi ya gazeti hainiruhusu, basi nimezipanga moja juu ya nyingine.

PICHA: Giza.
SAUTI: Kufuli linafunguliwa. Mlango wa chuma unakwaruza sakafu. (Sekunde 5)

PICHA: Mikono ya mwenye nyumba inakunjua karatasi iliyokunjwa mara nyingi.
SAUTI: MWENYE NYUMBA: Nyumba ni nzuri. Masharti ni machache tu. (Sekunde 5)

PICHA: Uso wa mpangaji mpya, begi mgongoni, anatabasamu.
SAUTI: MWENYE NYUMBA: Moja. Hakuna wageni. (Sekunde 3)

PICHA: Mlango ule ule. Watu sita wanatoka wakinyata, wa mwisho amebeba godoro.
SAUTI: Nyayo tu. (Sekunde 5)

PICHA: Kidole kinashuka kwenye karatasi.
SAUTI: MWENYE NYUMBA: Mbili. Hakuna kupika samaki. (Sekunde 3)

PICHA: Mpangaji anapunga moshi nje ya dirisha kwa daftari lake la masomo.
SAUTI: Mafuta yanatatarika. Paka analia. (Sekunde 5)

PICHA: Karatasi inazidi kukunjuka mpaka inagusa sakafu.
SAUTI: MWENYE NYUMBA: Kumi na tatu. Kumi na nne. (Sekunde 4)

PICHA: Mwenye nyumba anavua miwani na kuitazama kamera.
SAUTI: MWENYE NYUMBA: Na la mwisho. (Sekunde 3)

PICHA: Studio nzima: mtangazaji, wageni wawili na bendi wamegeuza nyuso kumtazama. Hakuna anayecheka.
SAUTI: Kimya. (Sekunde 5)

PICHA: Maandishi: Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Ukumbi wa chuo. Kiingilio ni bure.
SAUTI: Kufuli linafungwa. (Sekunde 7)

Jumla ni sekunde 45, na maneno yote yanayotamkwa ni 23. Hakuna aliyeeleza kwamba hiki ni kipindi cha nusu saa chenye sehemu tatu. Wageni na bendi wameonekana kwa sekunde 5, lakini wameonekana wakiwa wamepigwa na butwaa, na mtazamaji atataka kujua ni jambo gani limewanyamazisha watu wazima wote hao. Jambo moja nawasihi: sharti hilo la mwisho liwemo kweli ndani ya kipindi, na liwe la kuchekesha kuliko la samaki. Anayedaiwa mji kisha akapewa jibu la uongo hatashiriki mchezo mara ya pili.

Kuhusu muda, msipime maneno kwa kanuni za vitabu vya kigeni vinavyosema msomaji hutamka maneno matatu kwa sekunde. Lugha yetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hatutakuambia" ni neno moja lenye silabi saba. Mimi hutumia mizani, yaani hesabu ya silabi, kama watunzi wa mashairi. Mshororo wa kawaida wa mizani 16, ukisomwa kwa utulivu, hunichukua takriban sekunde nne, yaani mizani nne kwa sekunde. "Nyumba ni nzuri. Masharti ni machache tu" ina mizani 13, au 14 ukiihesabu ile r ya "masharti" peke yake kama wafanyavyo wengi, kwa hiyo inatosha ndani ya sekunde 5 na pumzi ya kusimama katikati inabaki. Mkiona mstari wenye mizani 20 umepewa picha ya sekunde 3, mwigizaji atalazimika kukimbia, na kichekesho kinachokimbizwa hakichekeshi mtu. Someni mswada kwa sauti, mmoja akiwa ameshika saa, kabla ya kuomba hata taa moja iwashwe.

Sasa siku zenu mbili za studio. Hapa ndipo makundi mengi hujikwaa, na sababu yake ni moja: hurekodi kipindi chote, kisha mhariri ndiye anayeulizwa kama kuna kitu cha kutengenezea trela. Katika studio ya kamera tatu mwongozaji huchagua kamera moja baada ya nyingine wakati kipindi kinaendelea, na kinachorekodiwa kwa kawaida ni ile picha iliyochaguliwa tu. Ule uso wa mgeni uliobadilika wakati kamera nyingine ndiyo iliyokuwa hewani umepotea, haurudi. Mwombeni fundi wa studio, kabla ya siku yenyewe na kwa heshima zote, kwamba kila kamera irekodi pia kwenye kadi yake. Ikiwa mitambo hairuhusu, basi picha za trela zipigwe peke yake, na ziandikwe kwenye ratiba ya siku ya kurekodi kama kazi yenye saa yake na jina la anayehusika. Ile picha ya studio nzima iliyokaa kimya, kwa mfano, haiwezi kuokotwa kutoka kwenye kipindi. Inahitaji dakika kumi za watu kukaa, kuelekezwa macho yao yaangalie wapi, na kuzuiwa kucheka, jambo ambalo kwa wanafunzi 14 na bendi ni gumu kuliko kuwasha taa. Ipigeni mara tu wageni wanapoketi, kabla ya mahojiano, maana wakimaliza kuzungumza watakuwa na haraka ya kuwahi matatu.

Mchezo wa mwenye nyumba upigwe siku ya kwanza, wageni na bendi siku ya pili. Mikono, karatasi, kidole na kufuli zichukuliwe kwa karibu sana, zikiwa picha za pekee, kwa sababu trela hutembelea vitu vidogo. Sauti ya kufuli na ya mlango zirekodiwe peke yake, maikrofoni ikiwa karibu, bila mtu kusema. Kabla ya kuondoka rekodini nusu dakika ya ukimya wa studio ile ile, watu wakiwa ndani. Mhariri atawashukuru atakapotaka kuziba pengo kati ya sentensi mbili. Na mkiongeza picha za simu, ipangeni simu ipige fremu 25, yaani picha moja moja 25, kwa sekunde ikiwa kamera za studio zimepangwa hivyo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na picha ya fremu 30 chini ya baadhi ya taa za humu nchini hupepesuka kama taa inayotaka kuungua. Ikiwa simu ina uwezo wa kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, wekeni 1/50 ya sekunde na tatizo litatulia.

Kwa wiki tatu mlizonazo, tumieni ya kwanza kuandika na kupiga trela ya majaribio kwa simu, sauti zikiwa zenu wenyewe na picha zikiwa hata michoro ya penseli iliyopigwa mezani. Ionyesheni kwa watu watatu ambao hawajui lolote kuhusu kipindi. Msiwaulize kama ni nzuri, maana Mkenya mwenye adabu atasema ni nzuri. Waulizeni sasa wanataka kujua nini. Wakijibu kwamba wanataka kujua sharti la mwisho, endeleeni. Wakiuliza kipindi kinahusu nini, rudini mezani. Wiki ya pili ni ya studio na uhariri, na trela itoke Alhamisi inayotangulia ile yenu, kwa sababu tangazo linalotangulia tukio kwa wiki mbili husahaulika katikati ya mitihani midogo. Kipande cha sekunde 15, pengine sharti la samaki peke yake na maandishi ya mwisho, kihifadhiwe kwa Jumatano jioni.

Neno la mwisho kwenu ni kuhusu tarehe. Miaka mingi iliyopita nilisimamia trela ambayo mtangazaji aliitamka siku ya onyesho kwa tabasamu zuri, akiitazama kamera. Siku tatu baadaye ukumbi ukachukuliwa na mkutano mwingine, onyesho likasogezwa, na sisi tukawa na mtu anayetabasamu akisema Jumanne wakati ukweli ulikuwa Ijumaa. Mtangazaji alikuwa amekwenda kwao Busia. Tuliishia kuufunika mdomo wake kwa picha ya tikiti. Tangu hapo siku na saa huziweka kwenye maandishi tu, ambayo hubadilishwa kwa dakika tano. Tena ziandikeni kwa maneno: "saa kumi na moja jioni". Ukiandika "11:00" katika mji huu ambao nusu ya watu husoma saa kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza, kuna atakayefika asubuhi akute ukumbi umefungwa. Mtazameni makanga pale kituoni: husema unakokwenda na nauli, "Tao hamsini!", na abiria hupanda bila kuuliza kiti kina rangi gani.

SWALI: Sisi tumeagizwa kutoa trela siku ya Jumatatu ilhali kipindi kinarekodiwa Jumatano. Tunatengeneza trela ya kitu ambacho hakipo?
Wanafunzi wawili, South B

JIBU: Mnaweza, na hamtakuwa wa kwanza. Mwaka 1913, huko New York, Nils Granlund aliyesimamia matangazo ya kumbi za sinema za Marcus Loew alitengeneza filamu fupi ya kutangaza onyesho la muziki la jukwaani, na alitumia picha za wasanii wakiwa mazoezini. Filamu hiyo hutajwa mara nyingi kuwa trela ya kwanza katika kumbi za Marekani. Mazoezi mnayo, bila shaka, yapigeni. Mtu anayekosea mstari wake kisha akajicheka ni picha yenye uhai kuliko mtangazaji aliyesimama wima mbele ya pazia la kijani.

Njia ya pili ni ya mwaka 1960. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu, alipoitangaza filamu yake ya kutisha ya Psycho, badala ya kuunganisha vipande vya filamu aliwatembeza watazamaji mwenyewe katika majengo yaliyotumika kuitengeneza, kwa zaidi ya dakika 6, akionyesha ngazi hii na chumba kile, akianza kueleza yaliyotokea pale kisha akikatiza. Dakika sita ni nyingi kwenu. Lakini mtangazaji akitembea ndani ya studio tupu kwa sekunde 40, akapita viti viwili na kusema, "Hapa ataketi mama mwenye nyumba, hapa ataketi mpangaji wake wa zamani, katikati tumeacha nafasi kubwa kidogo," mmeshapata trela bila kipindi. Gharama yake ni ruhusa ya kuingia studioni nusu saa kabla ya darasa lingine.

SWALI: Tunatafuta mtu mwenye sauti nzito ya kusimulia trela yetu. Je, ni lazima?
Msomaji, Umoja

JIBU: Si lazima, na kwa maoni yangu haifai. Mtindo huo ulijengwa na watu kama Don LaFontaine wa Marekani, aliyefariki mwaka 2008 akiwa amesimulia trela kwa maelfu, na umeigwa sana hata sasa wasikilizaji wakiusikia hucheka kabla hamjataka wacheke. Ikiwa lazima awepo msimulizi, mchukueni mtu ambaye sauti yake ina mahali inapotoka: mama wa mkahawa wa chuoni, bawabu, msichana wa mwaka wa kwanza. Mpeni mistari miwili asome, asiigize.

SWALI: Wimbo mmoja maarufu unatufaa sana. Tunahitaji sekunde 20 tu, na rafiki yangu anasema chini ya sekunde 30 ni halali kwa mtu yeyote. Ni kweli?
Mhariri wa video, Kasarani

JIBU: Si kweli, na natamani ningemjua aliyeianzisha hadithi hiyo, maana nimeikuta katika kila chuo nilichokitembelea. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina kipimo cha sekunde kinachougeuza wimbo wa mtu kuwa mali ya umma. Ina nafasi za matumizi ya haki, kama vile uhakiki na kuripoti habari, lakini trela ya kuwavuta watu waje kwenye onyesho lako ni tangazo.

Pia fahamu kwamba katika wimbo mmoja mna mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na lahani, na kuna rekodi yenyewe iliyofanywa studioni, na mara nyingi wenye mali hizo ni watu tofauti. Ruhusa ya kuunganisha wimbo na picha hutoka kwao wote. Leseni ambayo hoteli au ukumbi hulipia ili kucheza muziki hadharani ni jambo jingine na haiwaruhusu nyinyi kuubandika wimbo kwenye video. Mkiupuuza ushauri huu, mitambo ya intaneti inayotambua nyimbo haitawapuuza: video inaweza kunyamazishwa au kuondolewa, pengine asubuhi ile ile ya onyesho.

Chuoni hamkosi wapiga gitaa. Waombeni wawatungie kipande cha sekunde 45, na hata kama ni marafiki zenu wa chumba kimoja andikeni ukurasa mmoja: nani katunga, nani kapiga, mnaruhusiwa kukitumia wapi na kwa muda gani, na majina yao yataandikwaje, kila mmoja atie sahihi. Nimeona urafiki wa miaka minne ukivunjika kwa sababu ya mlio wa ngoma uliopendwa na watu wengi kuliko ilivyotarajiwa. Na kabla ya kutunga, jiulizeni kama muziki unahitajika. Katika rasimu niliyowaandikia wenzenu wa Ngara hapo juu hamna hata noti moja, na nadhani kufuli lile likirekodiwa vizuri litafanya kazi ya ngoma.

SWALI: Mhadhiri wetu anataka trela iwe ya Kiswahili sanifu. Wenzangu wanasema hakuna mwanafunzi Nairobi atakayeitazama isipokuwa kwa Sheng. Tuamue vipi?
Mwandishi wa mswada, Buruburu

JIBU: Mmeuliza kana kwamba trela ina mdomo mmoja. Ina midomo kadhaa, na kila mmoja una lugha yake. Mpangaji wa miaka 20 akikiita chumba chake "keja", mwacheni, ndivyo anavyokiita, na kumlazimisha aseme "makazi yangu" kutamfanya aonekane anasoma taarifa ya habari. Mwenye nyumba mzee hatasema hivyo. Maandishi ya mwisho hayana umri wala mtaa, yanasomwa na mhadhiri, mzazi na mgeni kutoka Mombasa, basi yawe sanifu, mafupi na yasiyo na kosa la tahajia.

Ninachokitilia shaka ni Sheng inayoandikwa na mtu asiyeizungumza. Lugha hiyo iliyokulia mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hubadilika haraka na hutofautiana kati ya mtaa na mtaa. Neno lililotamba mwaka jana likitokea kwenye trela yenu, wale wale mnaotaka kuwavutia ndio watakaokuwa wa kwanza kuwacheka. Mpeni mwigizaji maana ya mstari, mwacheni auseme anavyousema nyumbani, kisha andikeni alichokisema na kukihesabu mizani upya. Jambo jingine ambalo barua yako haikuligusa, ila nimeliona mara nyingi: kichekesho kinachotegemea lafudhi ya kabila fulani. Huchekesha nusu ya ukumbi, na nusu ile nyingine hukaa kimya ikihesabu ni mara ngapi imefanyiwa hivyo. Mwenye nyumba bahili hana kabila.

Tena wengi wataitazama trela kwenye simu, ndani ya matatu, muziki wa gari ukiwa juu au sauti ya simu ikiwa imezimwa. Wekeni maandishi ya yale yanayosemwa, mistari miwili kwa wakati mmoja isizidi, na msiyashushe mpaka ukingoni mwa skrini ambako vitufe vya programu za simu huyafunika. Wakati wa kupiga picha, wekeni uso au kitu muhimu katikati ya fremu, ili mhariri aweze kukata toleo la kusimama wima bila kuacha nje pua ya mtu.

SWALI: Tungependa kuanza trela kwa picha za soko la Gikomba, abiria wakigombania matatu, na picha ya jiji kutoka angani kwa droni. Kuna ubaya?
Mpiga picha, Pangani

JIBU: Ubaya haupo, ila kuna milango kadhaa ya kubisha. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inahusu leseni ya kupiga filamu na idhini ya kuonyesha kazi hiyo hadharani, na inayoisimamia ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Mwombeni mkuu wa idara awaandikie barua, kisha muiulize Bodi mapema ni utaratibu gani unaowahusu wanafunzi, si asubuhi ya kupiga picha. Droni nayo inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nyuso za wachuuzi na abiria zinazotambulika zinagusa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata kama sheria hiyo isingekuwepo, mama anayeuza nguo ana haki ya kuulizwa kabla ya uso wake kutumiwa kutangaza kipindi asichokijua. Na ikiwa kituo cha televisheni kitakubali kuirusha trela yenu, kumbukeni kwamba kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku matangazo yanapaswa kuwafaa hata watoto, trela zikiwemo.

Swali langu kwako ni hili: picha hizo zinatega nini? Gikomba na matatu vimeonekana katika kila video inayotaka kusema "hii ni Nairobi", na mtazamaji wako anaishi Nairobi, hahitaji kuambiwa. Barua yako haisemi kipindi chenu kinahusu nini, kwa hiyo siwezi kukuchagulia picha nyingine, lakini kama ni lazima jiji lionekane, lionyeshe kupitia dirisha la bweni lenu, kutoka ndani, mtu wenu akiwa mbele yake anafanya jambo linalohusu kipindi. Hapo sokoni huendi wala droni huihitaji. Muda wenyewe ni mfupi: jua huzama hapa karibu saa kumi na mbili na nusu jioni karibu mwaka mzima, na kwa kuwa tuko jirani na ikweta giza huingia upesi, kwa hiyo una dakika zipatazo 20 ambazo anga bado ina rangi na taa za majengo zimeshawaka. Panga kamera saa kumi na mbili kamili, fanya mazoezi na mwigizaji mara tatu, na uzime taa ya chumba, la sivyo kioo kitakuonyesha wewe mwenyewe na kamera yako.